Mzee Naye Afike

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya wanaharakati na waumini, kuhusu haki ya wazee wetu kusafiri



Mliponialika kuzungumza mbele yenu, bila shaka mlitarajia kwamba nitazungumza juu ya katiba, kwa kuwa wakili ni kama fundi wa viatu: popote alipo huangalia miguu ya watu. Sitawavunja moyo, nitazungumza juu ya katiba. Lakini naomba nianzie mahali ambapo mawakili hawana desturi ya kuanzia, nako ni kwenye kidato cha mlango wa matatu. Nimekuja kuamini kwamba kidato kile, ambacho kijana hukirukia bila hata kukitazama, ndicho mpaka ambapo haki nyingi za wazee wetu huishia.

Niruhusuni niwasimulie kisa kimoja, ambacho ndani yake mimi mwenyewe sina sifa njema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja, mama mjane aliyepita umri wa miaka 70. Alikuwa akidai sehemu yake katika shamba la marehemu mumewe, shamba alilolilima kwa mikono yake tangu ujana wake, ambalo shemeji zake walitaka kuligawana kana kwamba yeye hakuwapo duniani. Kesi yote ilitegemea ushahidi wake. Ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara mbili. Mara ya tatu, saa tatu asubuhi, karani aliitaja kesi yetu, na mama hakuonekana. Niliomba muda. Nikapewa nusu saa. Nusu saa ikapita, nami nimesimama mlangoni nikitazama barabara. Pingamizi letu likatupiliwa mbali kwa kukosa ushahidi.

Mama alifika saa tano na robo, viatu vimejaa vumbi, kitambaa cha kichwani kimelegea. Nami, Mungu anisamehe, nilimkemea. Nilimwambia, "Mama, siku kubwa kama hii, mbona hukuondoka mapema?" Alinitazama kwa kitambo, kisha akanijibu kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: "Mwanangu, niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kila gari lililosimama vijana waliingia mbele yangu, na kondakta akaniambia, Shosho, ngoja la nyuma. Nami nikangoja. Lakini kila la nyuma lilikuwa na la nyuma yake."

Ilituchukua miezi minane na maombi mawili mahakamani ili kesi ile ifufuliwe. Siku iliposikizwa upya, nilikwenda kumchukua mama kwa gari langu mwenyewe, akatoa ushahidi wake, akasikika. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza: ni wazee wangapi ambao hawana wakili mwenye gari? Na hakimu anapoandika kwamba mlalamishi hakufika, ni mara ngapi ambapo ukweli ni kwamba mlalamishi alizuiwa kufika?

Kuhusu kufika

Ndugu zangu, tumezoea kuhesabu haki kwa majina yake makubwa: haki ya kupiga kura, haki ya kuabudu, haki ya kutibiwa, haki ya kusikizwa mbele ya sheria. Lakini hebu tazameni. Kura hupigwa kituoni. Ibada hufanyika kanisani. Tiba hutolewa zahanati na hospitali. Haki hukatwa mahakamani. Kila moja ya haki hizi ina mahali pake, na mahali pake si nyumbani kwa mzee. Baina ya mzee na haki yake pana barabara, na asiyeweza kuivuka barabara hiyo haki zake ni kama chakula kilichowekwa juu ya dari: ni chake, lakini hakili.

Tuchukue mfano mmoja tu. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili wazee waliotimiza miaka 70 wapewe shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni jambo jema, na walioupigania wanastahili shukrani. Lakini tuseme mzee anakaa mbali na mji, na fedha zake zinamngoja benki. Boda boda hadi barabara kuu ni shilingi 100. Matatu hadi mjini ni 150. Na kurudi ni vivyo hivyo. Hizo ni shilingi 500. Robo ya haki ya mwezi mzima imeliwa na safari ya kwenda kuichukua. Na ikiwa hawezi kusafiri peke yake, mjukuu akamsindikiza, robo ya pili nayo imekwenda. Serikali imetoa kwa mkono mmoja, na barabara imepokonya kwa mkono mwingine.

Wazee tunaowazungumzia si watu wachache. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliofikisha miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Wengi wao huishi mashambani, ambako watoto wamehama na barabara ni mbaya. Hawa ndio waliojenga shule za harambee. Hawa ndio waliopanga foleni tangu alfajiri mwezi wa Desemba 1992 ili nchi hii ipate kuchagua baina ya vyama zaidi ya kimoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Si haki kwamba waliotusimamia kwenye foleni hiyo leo waachwe wamesimama steji.

Jinsi tulivyofika hapa

Ni desturi yetu kuwalaumu makanga, na wakati mwingine wanastahili. Lakini asiyejua chanzo cha ugonjwa hatajua dawa yake. Kwa hiyo tutazame tulikotoka.

Matatu zilianza kama magari ya mwananchi wa kawaida, na jina lenyewe linatokana na nauli ya awali, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoziruhusu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa mabasi. Amri hiyo iliwapa wananchi wengi riziki, na iliwapa wengi zaidi usafiri. Lakini polepole Serikali nayo ikajivua jukumu. Mabasi ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1986, yalidumu kwa muda mfupi tu; kabla miaka ya 1990 haijaisha shirika hilo lilikuwa limeporomoka. Hivyo usafiri wa umma ukabaki kuwa wa umma kwa jina, huku ukiendeshwa na wafanyabiashara binafsi.

Sasa tazameni jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Madereva na makondakta wengi hawana mshahara wa mwezi. Asubuhi hukabidhiwa gari, na jioni hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha. Kinachobaki baada ya kiasi hicho, baada ya mafuta, na baada ya hongo za barabarani, ndicho chao. Katika hesabu ya namna hiyo kila dakika ina bei. Mzee anayehitaji dakika mbili kupanda na dakika mbili kushuka ni hasara. Mzee mwenye mkongojo na kikapu ni hasara mara mbili. Kondakta anayemwambia shosho angoje la nyuma huenda ana bibi yake kijijini ambaye anampenda sana. Si kwamba amezaliwa bila adabu. Ni kwamba tumemweka katika utaratibu unaomwadhibu kila anapoonyesha adabu.

Na gari lenyewe halikutengenezwa kwa ajili ya mzee. Lile la viti 14 lina paa la chini, na abiria huingia ameinama akipita baina ya magoti ya wenzake. Lile la viti 33 lina vidato virefu na njia nyembamba katikati. Huondoka kabla mguu wa pili haujaingia, na hushusha watu likiwa bado linatambaa. Muziki huzuia sauti ya mzee anayesema, "Nishushe hapa." Nauli hupanda mvua inaponyesha. Na kule ambako matatu haifiki, kuna pikipiki, ambayo mama wa miaka 75 hulazimika kuipanda nyuma ya kijana asiyemjua, akishikilia kikapu kwa mkono mmoja na uhai wake kwa mkono wa pili.

Waswahili husema, mwenye nguvu mpishe. Hiyo ndiyo sheria inayotawala steji zetu. Wapendwa waumini, mnakumbuka habari za yule mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mgonjwa kwa miaka 38. Maji ya uponyaji yalikuwapo, na hakuna aliyekuwa amemkataza kuyaingia. Lakini kila yalipotibuliwa, mwingine mwenye miguu mizima aliingia mbele yake. Sijui mfano ulio bora zaidi wa mzee kwenye steji saa moja asubuhi.

Katiba yasemaje

Sheria ya steji ni kumpisha mwenye nguvu. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inasema kinyume chake.

Ibara ya 57 inaiamuru Serikali kuchukua hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, waishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Ibara ya 260 inaeleza mzee ni nani: ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Ibara ya 21 inaziwajibisha asasi zote za Serikali kushughulikia mahitaji ya makundi yaliyo katika hatari ya kusahaulika, na wazee wametajwa humo waziwazi. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata usafiri wa umma kwa njia inayofaa, nanyi mnajua kwamba goti lililokufa ganzi na jicho lenye mtoto wa jicho huwatia wazee wengi katika kundi hilo.

Mtu ataniuliza: "Wakili, hayo yote yanahusu Serikali. Matatu ni mali ya mtu. Je, katiba inaweza kumwamuru mwenye mali yake?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika Ibara ya 20: Sheria ya Haki inazifunga asasi za Serikali na watu wote. Na Ibara ya 27 inakataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, kwa njia ya wazi au ya kificho, kwa sababu ya umri au ulemavu. Kwa hiyo kondakta anayemfungia mlango mzee kwa kuwa ni mzee hajakosa adabu tu, amevunja katiba. Na Serikali inayompa leseni mwenye gari hilo mwaka baada ya mwaka bila kumwuliza anawatendeaje wazee, imevunja katiba pamoja naye.

Nje ya mipaka yetu nako mwelekeo ni huo huo. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2016 itifaki kuhusu haki za wazee, ambayo ilianza kuwa na nguvu ya kisheria mwaka 2024. Itifaki hiyo inazungumzia usafiri wa umma na kuwapa wazee nafasi ya kwanza katika viti. Utaona kwamba jambo ambalo wengine huliona dogo mno kuzungumzwa na wakili, nchi za Afrika ziliona linastahili kuandikwa katika mkataba.

Lakini sheria iliyoandikwa haitembei yenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi yake. Baina ya sheria hizo mbili imepita miaka zaidi ya 20. Nawaombeni, mtakapotoka hapa, mpite kwenye steji iliyo karibu nanyi mkahesabu magari yaliyorekebishwa. Naogopa kwamba vidole vya mkono mmoja vitawatosha.

"Haiwezekani"

Tutaambiwa kwamba haiwezekani. Wenye matatu watasema kwamba biashara ni ngumu, mafuta ni ghali, na mikopo ya magari inawakaba. Wanasema kweli, na hatutapata lolote kwa kuwageuza adui. Serikali itasema kwamba haina fedha. Yote haya yanahitaji jibu, na jibu lake limo katika historia yetu wenyewe.

Mwaka 2003 Waziri John Michuki alitangaza kanuni mpya za magari ya abiria, zikaanza kutekelezwa Februari 2004: kila abiria na kiti chake, kila kiti na mkanda wake, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Walisema haiwezekani. Magari yaligoma, watu wakatembea kwa miguu siku kadhaa. Kisha mikanda ikafungwa. Kwamba baadaye tulilegea ni aibu yetu, lakini lililofanyika lilithibitisha jambo moja: Serikali ikitaka matatu zibadilike, hubadilika. Lengo la wakati ule lilikuwa kupunguza ajali na uhalifu. Sasa tunadai nguvu hiyo hiyo itumike kwa ajili ya mzee.

Na tunao pia mfano wa makosa. Tarehe 3 Desemba 2018 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizifungia matatu nje ya katikati ya jiji ili kupunguza msongamano. Asubuhi ile wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu na mama wajawazito walishushwa Muthurwa, Ngara na kwingineko, wakatembea kwa miguu. Kilio kilikuwa kikubwa hata amri ikasitishwa upesi. Lengo lilikuwa jema. Kosa lilikuwa kwamba mipango ilihesabu magari ikasahau kuhesabu miguu. Mpango wowote wa usafiri usioanza kwa kuuliza, "Mzee atapitaje hapa?" huishia vivyo hivyo.

Kwa jirani zetu wa Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, vituo vilijengwa kwa kimo kinacholingana na sakafu ya basi, abiria akaingia bila kupanda kidato. Yana matatizo yake, na foleni zake ni ndefu, lakini kidato kimeondolewa. Hilo halikufanyika Ulaya. Limefanyika Afrika Mashariki, kwa watu wanaosema lugha yetu.

Hata hivyo sitaki tungoje mabasi ya namna hiyo. Mengi tunayohitaji hayana gharama, au gharama yake ni ndogo. Kusimamisha gari kabisa mpaka mzee aketi hakuhitaji mkopo. Kutenga viti viwili karibu na mlango hakuhitaji mkopo. Chuma cha kushikilia mlangoni na kidato cha ziada cha kukunja ni kazi ambayo fundi wa kuchomelea anaiweza. Benchi na paa kwenye steji, na choo kilicho karibu, ni jambo dogo katika bajeti ya kaunti.

Tufanye nini

Nimesema ya kutosha juu ya lawama. Sasa nawaachia mambo manne ya kufanya, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, tuzungumze na sacco. Tangu kanuni za 2014, kila matatu hutakiwa kuwa chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hiyo hatuhitaji tena kumfukuzia kila dereva barabarani. Kuna ofisi, kuna mwenyekiti, kuna mahali pa kuketi. Tuwaombe waandike kanuni zao wenyewe: viti vya wazee, gari kusimama kabisa, nauli isiyobadilika kwa mzee mvua inyeshe isinyeshe. Na tuzungumze nao waziwazi juu ya yale malipo ya jioni, kwa maana pale ambapo dereva na kondakta wana mshahara, au magari yanaondoka kwa zamu na mapato yanagawanywa, mzee haachwi kuwa hasara ya mtu mmoja. Sacco itakayokubali tuitangaze makanisani na kwenye mikutano yetu. Sifa njema nayo ni mtaji.

La pili, twende kwenye kaunti. Jedwali la Nne la katiba limezikabidhi kaunti barabara za kaunti, maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Steji ni ya kaunti. Ada ya steji hulipwa kwa kaunti. Basi kaunti inaweza kuweka masharti. Na msingoje hadi bajeti isomwe ndipo mlalamike. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Na Ibara ya 196 inalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Mkifika Julai mkiwa na orodha ya steji tatu zinazohitaji paa na benchi, mtasikizwa. Mkifika Mei mkiwa na hasira, mtapewa chai na pole. Na mnapokwenda, msiwasemee wazee tu. Nendeni nao, kwa gari mlilolipanga mapema.

La tatu, nawaambia makanisa. Mabasi na magari yenu hubeba kwaya Jumapili, kisha mengi husimama chini ya mti mpaka Jumapili inayofuata. Siku ya kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, siku ya malipo ya Inua Jamii, siku ya mahakama, gari hilo laweza kuwa neema kubwa kuliko mahubiri kumi. Lakini sikizeni ushauri wa wakili: msitoze nauli. Gari likibeba watu kwa malipo huwa gari la abiria mbele ya sheria, nalo huhitaji leseni na bima ya aina hiyo. Likipata ajali bila hizo, mtaiona taabu. Mafuta yalipwe kwa sadaka ya kanisa, mzee apande bure. Na yawe ya wazee wote wa kijiji, si ya washirika peke yao.

La nne, pale ambapo maneno yameshindwa, twende mahakamani. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kudai haki kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kufika mwenyewe, na inasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua shauri la namna hiyo. Kanuni za 2013 zinaruhusu hata malalamiko yaliyoandikwa kwa njia ya kawaida. Lakini shauri linahitaji ushahidi. Kwa hiyo kila kikundi kianze daftari leo: tarehe, saa, steji, njia, nambari ya gari, na jinsi mzee alivyotendewa. Mambo huonekana madogo yakiwa kinywani mwa mtu mmoja. Yakijaa daftari tatu, hakuna jaji atakayeyaita madogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zangu, nakaribia kumaliza. Kuna watakaosema kwamba katika nchi yenye ufisadi, njaa na ukosefu wa kazi, kuzungumzia kidato cha matatu ni kupoteza muda. Nami nawajibu kwamba tulipigania mageuzi ili mtu mdogo asiambiwe tena angoje. Tuliambiwa tungoje, kwamba nchi haijakomaa, kwamba wakati bado. Tulikataa. Itakuwaje basi sisi tuliokataa kungojeshwa na wakubwa, tuwangojeshe mama zetu?

Mama yule mteja wangu aliishi akaliona shamba lake likiandikwa kwa jina lake. Siku nilipompelekea hati, alinikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto wangu, na hakunikumbusha hata mara moja maneno niliyomwambia mlangoni mwa mahakama. Heshima yake ndiyo imenifanya nisimame hapa leo. Sisi sote, Mungu akitujalia, tutapita miaka 60. Magoti yetu nayo yatachoka. Siku hiyo tutasimama kando ya barabara na kikapu mkononi, tukiinua mkono, na gari litakalotukuta litakuwa lile tulilolitengeneza au tulilolikubali.

Tusimwambie mzee tena angoje la nyuma. Hili lililo mbele yake lisimame, naye apande, aketi, na afike.